Vyuo vya biashara, majibu ya madodoso tuliyojaza sokoni yako wapi?

Tenga la Ilula, mleta uzi

Wakuu, habari za jioni. Huu uzi nimekaa nao moyoni zaidi ya mwaka. Ni mrefu, naomba muusome wote kabla ya kuchangia, maana humu wengi tumepita vyuo vya biashara, wapo wanaofundisha huko, na wapo mnaofuatwa na madodoso kila wanafunzi wanapotumwa kukusanya data.

Nilipofanya shahada ya uzamili mada yangu ilikuwa mikopo midogo kwa wanawake wa sokoni. Nikaenda soko la Buguruni na madodoso 120, kila moja kurasa sita, yote kwa Kiingereza, nikawa natafsiri papo kwa papo huku wateja wanauliza bei. "Mama, kwa kiwango cha moja hadi tano, unakubali kwa kiasi gani kwamba mkopo umeboresha utendaji wa biashara yako?" Mama mkono mmoja ameshika kisado cha nyanya, mwingine unarudisha chenji, ananiambia, "Weka tatu, mwanangu." Meza inayofuata, tatu. Inayofuata, tatu. Mpaka jioni madodoso yangu yalikuwa yamejaa tatu. Nikaziingiza kwenye kompyuta, majedwali yakatoka mazuri, msimamizi akanisahihisha Kiingereza, nikatetea, nikavaa joho. Tasnifu ikapigwa jalada gumu ikawekwa maktaba. Chuo sikitaji, kwa sababu naamini yangetokea popote. Mpaka leo sijakutana na mtu aliyeisoma.

Mwaka jana nikarudi Buguruni kama mhojaji wa kulipwa kwenye mradi wa mtu mwingine, safari hii na kishikwambi badala ya karatasi. Nikafika kwenye meza ya mama mmoja wa wale wa kwanza. Alinitambua yeye kabla yangu. Akanivutia kreti nikae, akauliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, yale majibu yetu ya siku ile yalisemaje?"

Sikuwa na jibu. Hata ningeibeba tasnifu nzima nikaifungua mbele yake, hakuna ukurasa ambao ungemfaa.

Basi akanionyesha yeye. Akatoa chini ya meza daftari kubwa la mistari, jalada limebanduka akalishona kwa uzi wa gunia. Kushoto ameandika matenga aliyopokea na bei ya siku hiyo, katikati alichouza, kulia rejesho. Alikuwa amekopa laki tatu za kausha damu, rejesho elfu kumi na tatu kila siku kwa siku 30. Kwa ndugu walio nje ya Tanzania, kausha damu ni mikopo ya haraka ya mtaani, marejesho hayangoji mwisho wa wiki, na ukikwama wanakuja kubeba televisheni au godoro. Siku ambazo mzigo uliingia mwingi kutoka Ilula na Lushoto, bei ikaanguka, nyanya zikalala na kesho yake akauza masalo, yaani nyanya zilizoanza kuharibika, aliziwekea alama ya msalaba. Akaweka kidole kwenye msalaba mmoja, akaniuliza: "Siku kama hii, rejesho nilitoe kwenye mtaji wa kesho, au nimwombe kijumbe anibadilishie zamu ya mchezo nilipe kwa hela hiyo?"

(Mchezo ni upatu wa kuchangiana kwa zamu, na kijumbe ndiye anayeusimamia.) Wakuu, hilo ni swali zito la usimamizi wa fedha, na linaulizwa kila asubuhi kwenye masoko ya nchi hii. Daftari lake lilikuwa na takwimu za miaka mitatu, siku kwa siku. Mimi nilikuwa na zile tatu zangu.

Ndiyo maana nasema hivi. Utafiti wa vyuo vya biashara utaifaa jamii pale swali litakapotoka kwa anayefanya biashara, na jibu likarudi kwake kwa lugha anayoisoma. Na mwalimu aliyeisumbukia safari hiyo ya kwenda na kurudi ahesabiwe anapoomba kupanda cheo, la sivyo hakuna atakayeirudia.

Tulifikaje hapa? Sehemu ya jibu iko Marekani, mwaka 1959. Mwaka huo zilitoka ripoti mbili, moja kwa fedha za Ford Foundation na nyingine za Carnegie, zikilaumu vyuo vya biashara vya kule kwamba ni dhaifu kitaaluma. Wakaajiriwa wanauchumi, wanasaikolojia na wanahisabati, fedha zikamiminwa, utafiti ukakaza vipimo vyake. Hilo lilikuwa jambo jema. Ila polepole profesa akawa anamwandikia profesa mwenzake. Mtindo huo ulisambaa duniani pamoja na orodha za majarida. Gazeti la Financial Times lina orodha yake ya majarida 50 inayotumika kuvipanga vyuo, na hata mwalimu wa Dar, Nairobi au Kampala anajua kwamba makala ya jarida la nje ina uzito kuliko kijitabu kitakachosomwa Tandika.

Vyuo vyetu havikuzaliwa hivyo, na hili linanipa matumaini. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa na KNCU, chama chao kikuu cha ushirika, tangu 1933. Ushirika ulihitaji makarani na wakaguzi wa hesabu, na mwaka 1963 kikaanzishwa Chuo cha Ushirika Moshi, ambacho leo ni chuo kikuu kamili. Elimu ya ushirika ilipelekwa kwa wanachama hadi kwa posta na redio. Mzumbe ilianza 1953 kwa kufundisha watumishi wa serikali za mitaa. CBE, Chuo cha Elimu ya Biashara, ilianzishwa 1965, nchi ikiwa changa na inatafuta watu wake wenyewe wa kuendesha biashara. Swali lilikuwa nje ya geti, chuo kikajengwa kulijibu.

Na utafiti mzuri wa aina hii upo, hata hapa hapa Dar. Mwaka 2008 Kituo cha Ujasiriamali cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishirikiana na watafiti wa NHH, chuo cha uchumi na biashara cha Bergen, Norway. Waliwachukua wateja wa PRIDE Tanzania, taasisi ya mikopo midogo, wakachagua kwa bahati nasibu nani aingie darasani na nani asiingie, darasa likawa vipindi 21, na baadhi yao wakapewa ruzuku ya shilingi laki moja. Kwa wanaume biashara ilikua, hasa waliopata mafunzo pamoja na ruzuku. Kwa wanawake faida haikusogea hivyo, ingawa darasani walielewa. Watafiti walipochimba wakakuta kazi za nyumbani na mambo mengine yanayombana mwanamke ambayo darasa haliyagusi. Makala ilitoka 2015 kwenye jarida kubwa la nje. Nimeuliza akina mama wengi wa vikundi Ilala kama wamewahi kusikia habari hiyo. Hakuna hata mmoja. Hata maofisa maendeleo ya jamii wawili niliozungumza nao, wanaoshughulika na ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayokopeshwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, hawakuisikia. Hapo ndipo pananiuma kuliko tasnifu yangu, maana ule ulikuwa utafiti mzuri, umefanywa mji huu huu, na unahusu pesa ya umma inayogawiwa kila mwaka.

Nawasilisha. Karibuni.

Chaki na Mizani

Mleta uzi, umegusa donda. Mimi ni mhadhiri wa chuo cha biashara, nitazungumza kama mwalimu na sitataja chuo.

Kwanza naomba mtuelewe. Muhula huu nina wanafunzi zaidi ya 400 kwenye kozi mbili. Nikisahihisha mitihani, nikisimamia tasnifu kumi na moja, muda wa kukaa kwenye kreti la soko unatoka wapi? Na ninapoomba kupanda kutoka mhadhiri kwenda mhadhiri mwandamizi, kamati inahesabu makala. Mkutano niliofanya na wakulima hauna alama.

Nitawapa mfano wangu. Nilikwenda Njombe kwenye viazi kupima lumbesa. Nilibeba mizani yangu mwenyewe kwenye basi. Mnaijua lumbesa: gunia linajazwa mpaka mdomoni, halafu juu linashonewa wavu wa kamba na kuongezwa kichwa kingine cha viazi, linauzwa kwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo haitaki mazao yafungashwe zaidi ya kilo 100. Nilipanga magunia kwenye mizani moja baada ya jingine, mkulima amesimama pembeni anaangalia namba. La tatu lilipopanda, yule mzee akakaa chini juu ya jembe lake. Alikuwa ameuza kwa miaka mingi kwa kuhesabu magunia, hakuwahi kuona kilo zake mwenyewe.

Nikaandika makala. Mhariri wa jarida la nje akanirudishia ndani ya wiki mbili, sababu ni kwamba suala hilo ni la eneo dogo na haliongezi kitu kwenye nadharia. Nikaipeleka kwingine, nikaisuka upya kwa nadharia ya gharama za miamala, ikakubaliwa. Kwenye toleo lililochapishwa yule mzee na mizani hawamo. Nimepata alama zangu, na Njombe hawana habari.

Kwa hiyo nakubaliana nawe kwa moyo wote, ila tusimlaumu mwalimu mmoja mmoja. Kipimo kikibadilishwa, sisi tutabadilika mwaka huohuo. Mwaka 2017 wasomi 24 wa vyuo vya biashara kutoka nchi 10 walitoa tamko wakitaka utafiti wa biashara uwe wa kuaminika na wenye manufaa kwa jamii. AACSB, chombo cha kimataifa kinachotoa ithibati kwa vyuo vya biashara, kimeingiza mchango kwa jamii kwenye viwango vyake vya 2020. Mlango uko wazi kidogo. Kilichobaki ni mabaraza ya vyuo vyetu kuandika kwenye miongozo yao ya kupandisha vyeo kwamba muhtasari wa Kiswahili uliofika sokoni una alama, na alama hizo zitajwe kwa namba.

Mama Mboga wa Kayole

Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Mimi niko Nairobi, nina kibanda cha mboga, na niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo. Nimesoma uzi wote.

Naongezea habari ya huku kwetu. Kuna utafiti uliofanywa Dandora, kwa wanawake wenye biashara ndogondogo, ukachapishwa 2018. Kundi moja walipelekwa darasani wakafunzwa uhasibu na mambo ya soko. Kundi la pili kila mmoja aliunganishwa na mama mwenye biashara iliyosimama, wa Dandora hapo hapo, awe anamtembelea na kumuuliza. Wale wa darasani walibadilisha namna ya kuweka vitabu, lakini faida haikupanda. Wale wa mama mzoefu faida ilipanda kwa wastani wa asilimia 20. Sababu kubwa? Mama mzoefu aliwaonyesha wapi pa kununua bidhaa kwa bei nafuu. Na wale walioacha kuonana na mama wao, faida ilirudi chini.

Mimi nilipoisoma nililia kidogo, kwa sababu ndivyo nilivyofunzwa. Kuna mama mmoja aliniambia usinunue sukuma wiki kwa yule broker wa kona, amka saa kumi uende soko la Marikiti mwenyewe. Hiyo ilinipa biashara.

Sasa swali langu kwa wasomi: kama mmejua kwamba mama jirani anafunza kuliko darasa, kwa nini pesa za mafunzo bado zinalipia hoteli na projekta? Chama chetu kina akina mama watatu wazoefu. Hakuna aliyewahi kuja kuwauliza kama wako tayari kulipwa nauli tu wawe wanafunza wengine.

Na mtu asiseme utafiti hauna maana. Ule wa M-Pesa wa Tavneet Suri, Mkenya anayefundisha katika chuo cha biashara cha MIT, pamoja na William Jack, ulifuata kaya zilezile kuanzia 2008 hadi 2014. Ndio uliotuambia mwaka 2016 kwamba M-Pesa ilitoa kaya 194,000 kwenye umaskini, kama asilimia 2 ya kaya zote za Kenya, na kwamba kaya zinazoongozwa na wanawake ndizo zilizofaidi zaidi. Walirudi kwa watu walewale mara kwa mara. Huyu wa Buguruni alirudiwa mara moja, tena kwa bahati.

Mpiga Debe Mstaafu

Mimi nitasema wazi. Nina duka la vifaa vya ujenzi Mbagala. Nimejazishwa madodoso mpaka nimeacha kuyasoma. Wanakuja Mei na Juni, wanakula muda wangu, na wengine wananiambia kabisa, "Kaka, weka tiki tu, nimebakiza siku mbili." Natia tiki. Hizo ndizo data mnazotetea.

Tunachohitaji ni mtaji na amani na wakusanya kodi. Utafiti mwachieni profesa.

Tenga la Ilula, mleta uzi

Kaka wa Mbagala, asante kwa ukweli. Ile tiki yako na ile "weka tatu" ya mama ni kitu kimoja, na hasara yake inakurudia wewe. Sera za kodi na mikopo zinaandikwa na watu wanaosoma majedwali yaliyotoka kwenye tiki hizo. Mei 2023 Kariakoo ilipofunga maduka ndipo viongozi wa juu wakaketi kuwasikiliza wafanyabiashara kuhusu kodi na usajili wa stoo. Malalamiko hayo yalikuwa yanasemwa madukani siku zote. Mtafiti aliyekaa Kariakoo mwaka mzima na kuaminiwa angekuwa ameyaandika mapema, na kwa namba.

Kuhusu mtaji, ndiyo maana nilileta ule utafiti wa PRIDE. Wanawake walipata darasa, wengine wakapata na laki moja, na bado biashara haikusogea kama ya wanaume. Hapo kuna kitu cha tatu. Mama wa Buguruni anafunga meza saa kumi na moja jioni kwa sababu ya watoto, na jioni ndiyo saa ya wateja wanaotoka kazini. Mtaji wa aina gani utampa hayo masaa mawili? Hilo linahitaji mtu akae, aangalie, ajaribu.

Mafunzo yenyewe pia yanatofautiana mno, na hili tumelijua kwa utafiti. Huko Jamhuri ya Dominika watafiti, mmoja wao Antoinette Schoar wa chuo cha biashara cha MIT, waligawa wateja wa benki ya mikopo midogo, zaidi ya elfu moja. Wengine wakafundishwa uhasibu wa kawaida wa darasani. Wengine wakapewa kanuni nyepesi tu: pesa ya biashara iwe droo moja, ya nyumbani droo nyingine, ukihamisha andika. Wa kanuni nyepesi ndio waliobadilika, hesabu zao zikakaa sawa. Mama zetu wanaofunga pesa za mtaji kwenye pindo la khanga na za matumizi kwenye pochi wangeelewa mara moja. Na Togo, mjini Lomé, biashara 1,500: mafunzo ya kujituma na kuthubutu kabla ya kusukumwa yalipandisha faida kwa asilimia 30, wakati kozi ya kawaida ya biashara haikuonyesha ongezeko la kuaminika kitakwimu. Kiongozi mmojawapo wa utafiti ule, Michael Frese, alikuwa chuo cha biashara pia. Ulichapishwa 2017.

Kaka, vitu hivi vinaokoa mtaji. Nani amewahi kukusomea dukani kwako?

Baridi ya Midlands

Salaam kutoka Uingereza. Nafanya kazi ya utawala kwenye chuo kimoja huku, siyo mwalimu, lakini makaratasi haya yanapita mezani kwangu.

Huku serikali inapima utafiti wa vyuo vikuu vyote kila baada ya miaka kadhaa, na matokeo yanaamua mgawo wa fedha. Tangu 2014 waliingiza kipengele cha mchango wa utafiti nje ya chuo, kikapewa asilimia 20 ya alama, na 2021 kikapanda kuwa asilimia 25. Chuo kinatakiwa kuandika visa vya kweli: utafiti huu ulibadilisha nini, kwa nani, ushahidi uko wapi. Barua kutoka kwa halmashauri, chama cha wafanyakazi au kampuni iliyobadilisha utaratibu inakuwa na thamani ya fedha.

Nimeona profesa ambaye hajawahi kutoka ofisini akipiga simu kwenye ushirika wa wafugaji akiomba kuwatembelea. Kwa hiyo Chaki na Mizani yuko sahihi, kipimo kinasukuma watu. Ila naomba mjihadhari na jambo moja nililoliona kwa macho. Kuna visa vinavyoandikwa kwa ustadi wa maneno, na aliyefaidika hakuulizwa. Mkiiga, igeni kwa sharti moja zaidi: kisa kisomwe kwa Kiswahili mbele ya waliotajwa, na wao ndio waseme kama ni kweli.

Mwaka wa Mwisho Moshi

Shikamoni wakubwa. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili, pendekezo langu la utafiti linatakiwa ndani ya wiki tatu. Nimeshaandika mada: athari za mikopo kwenye utendaji wa biashara ndogo. Baada ya kusoma uzi huu nimeona aibu. Nifanyeje? Muda ni mfupi na msimamizi wangu anataka dodoso.

Tenga la Ilula, mleta uzi

Marahaba mdogo wangu, usione aibu, mada hiyohiyo ndiyo niliyoanza nayo. Nitakwambia ambacho ningefanya mimi kama ningerudishwa nyuma.

Kabla ya dodoso, nenda sokoni siku tano bila karatasi. Nenda alfajiri magari yanaposhusha, rudi jioni meza zinapofungwa, maana biashara ya saa nne asubuhi ni nyingine kabisa. Beba matenga kama watakuruhusu. Usiulize kuhusu mikopo siku ya kwanza, neno hilo linawafanya wafikiri umetumwa na mkopeshaji. Siku ya tatu au ya nne utasikia swali lao lenyewe, na mara nyingi litakuwa dogo na gumu: niuze jumla au rejareja mvua ikinyesha, nimkopeshe mama ntilie au nimkatalie. Hapo utajua dodoso lako liulize nini. Liandike kwa Kiswahili kwanza, ulisome kwa mama mmoja, uone anakwama wapi. Kiingereza utakiweka baadaye kwa ajili ya chuo.

Waombe daftari. Watu wengi wa sokoni wanaandika, kwa namna yao, kwa alama zao. Omba ruhusa ya kunakili bila majina. Mwezi mmoja wa daftari una ukweli kuliko swali la "wastani wa mauzo yako kwa mwezi ni kiasi gani", ambalo hakuna binadamu analijua kwa kichwa.

Ukimaliza uchambuzi, kabla hujakabidhi, andika ukurasa mmoja wa Kiswahili. Mmoja tu. Urudi nao sokoni, uwasomee, waupinge. Watakachokukosoa kiandike kwenye tasnifu, na ukurasa wenyewe uuweke kama kiambatisho, msimamizi hatakataa. Halafu jambo ambalo sisi hatukulifanya kabisa: acha nakala ya data zako idarani ili mwanafunzi wa mwakani aende soko hilohilo, kwa watu walewale. Kila mmoja wetu anafungua soko lake upya, anauliza yaleyale, anaondoka. Darasa zima lingeshika soko moja kwa miaka kumi, tungekuwa na kitu ambacho hata benki zingekuja kuomba kukisoma. Madaktari wana hospitali ya kufundishia, mwanafunzi anakabidhiwa wodi na wagonjwa anawaacha kwa wenzake wanaofuata, faili likiwa kitandani. Chuo cha biashara nacho kichukue soko lake lenye faili.

Mwaka wa Mwisho Moshi

Asante sana dada. Nimeomba kuonana na msimamizi Jumatatu. Nitaanza na soko la Kiboriloni.

Chaki na Mizani

Mdogo wangu, msimamizi akigoma niandikie kwa faragha, nitakutumia muundo wa ukurasa mmoja niliotengeneza. Na mimi wiki ijayo napanda basi la Njombe. Nimepiga simu kwa mwenyekiti wa kijiji, ameniuliza kama nakuja na ile mizani.

Tenga la Ilula, mleta uzi

Mrejesho, wakuu. Jumamosi nimekwenda Buguruni. Kwa ruhusa ya mama nilikuwa nimenakili miezi minne ya daftari lake, nikaipanga kwenye jedwali, nikaandika ukurasa mmoja kwa herufi kubwa kwa sababu macho yake yanamsumbua. Nilihesabu siku za msalaba, nikaonyesha kwamba kila alipotoa rejesho kwenye mtaji, siku ya pili alichukua matenga machache, na ikamchukua siku tatu hadi nne kurudi kwenye idadi ya kawaida. Alipobadilishana zamu ya mchezo, alirudi kesho yake.

Alisoma kwa sauti, polepole, wenzake wawili wa meza za jirani wamesogea. Alipofika katikati akasimama. "Hapa umekosea, mwanangu." Nilikuwa nimeyaandika masalo yote kama hasara. Akanieleza kwamba masalo anamuuzia mama wa chipsi anayesaga tomato, kwa bei ya makubaliano, analipwa taslimu asubuhi kabla soko halijachangamka, na hiyo ndiyo hela anayoshika wakija wa rejesho. Siku bila masalo kabisa ndizo zinazomtisha. Mwenzake wa kulia akatikisa kichwa kukubali, wa kushoto akasema kwake sivyo, yeye hana mteja wa masalo, yanaozea mkononi.

Kwa hiyo jedwali langu limebadilika, na nina swali jipya ambalo sikulijua Ijumaa: nani ana mteja wa masalo na nani hana, na walimpataje. Ameukunja ukurasa mara nne akautia ndani ya daftari, akaniambia nikirudi nilete tatu, wenzake nao wanataka.

Narudi Jumamosi hii. Mwenye kikundi Buguruni, Ilala au Tandika anayetaka nakala aandike hapa chini nijue nichapishe ngapi.